Manifoldi na raiza za ekzosti katika maji ya chumvi: nitajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika?

Nanga_Kuu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na injini za ndani ya boti, hasa zile zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari. Boti ninayoitunza ina injini ya petroli yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Kila upande una manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) moja ya chuma cha kusubu, na juu ya kila manifoldi imefungwa raiza ambamo maji ya kupozea huchanganyika na moshi kabla ya vyote viwili kuingia kwenye hozi na kutokea tezini. Vipuri hivi vimetumika katika maji ya chumvi kwa misimu mitano. Kwa nje havina dosari ya kutisha: rangi ingalipo, injini inawaka bila tabu, na geji ya joto haijawahi kupanda kupita kiasi chake cha kawaida.

Kilichonitia shaka ni michirizi ya kutu iliyoanza kushuka kutoka kwenye kiungo cha raiza na manifoldi upande wa kushoto. Fundi mmoja aliitazama kwa muda mfupi tu, kisha akasema seti nzima ibadilishwe, pande zote mbili. Mwenzangu ninayeshirikiana naye katika boti hii anapinga vikali. Anaona kwamba kutupa kipuri kinachofanya kazi ni kuchoma fedha, na kwamba inatosha kukifungua, kukilowesha katika asidi hadi kutu itoke, na kukirudisha kwa gasketi (muhuri wa kiungo) mpya.

Ningependa kujua kama ipo njia ya kuaminika ya kupima hali ya vipuri hivi bila kukisia, kama asidi inasaidia kweli, na kama kuna busara yoyote ya kuhamia kwenye vipuri vya stenlesi ili niondokane na kazi hii kwa muda mrefu.

FundiValvu alijibu:

Ndugu Nanga_Kuu, fundi huyo huenda amesema kweli, ila amehukumu kabla ya kusikiliza shahidi. Shahidi wa pekee katika shauri hili ni sehemu ya ndani ya raiza, na hiyo haionekani mpaka ifunguliwe. Rangi ya nje haisemi lolote, kwa sababu vipuri hivi huliwa kuanzia ndani.

Fikiria jinsi vilivyoundwa. Katikati ya manifoldi hupita moshi wa moto sana, na kuuzunguka moshi huo kuna chemba ambayo maji ya bahari hupita ili kuzuia chuma kisiwe chekundu. Kinachovitenganisha ni ukuta mmoja wa chuma. Upande mmoja, ukuta huo unaguswa na maji ya moto yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi pamoja na joto huharakisha kutu. Upande wa pili kuna moshi wenye unyevu na tindikali zitokanazo na uchomaji wa mafuta. Ukuta huliwa pande zote mbili. Isitoshe, uharibifu hauishi injini inapozimwa: chuma kikiwa bado cha moto, maji yaliyobaki ndani huanza kukauka, chumvi hubaki na kugandamana, na hewa inapata nafasi ya kufikia chuma kilicholowa. Ndiyo maana boti inayokaa gatini kwa muda mrefu inaweza kuharibu vipuri hivi upesi kuliko ile inayofanya kazi mara kwa mara.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni kile kiungo ulichokitaja. Pale, maji na moshi hupanda pamoja kutoka kwenye manifoldi kwenda kwenye raiza kupitia matundu yaliyo jirani, na kinachoyatenganisha ni gasketi iliyokalia ukingo mwembamba wa chuma. Ukingo huo ukiliwa, gasketi haina cha kuegemea. Maji yakivujia nje, una bahati, kwa kuwa unaona michirizi kama hiyo yako. Yakivujia ndani, huoni chochote. Hushuka taratibu katika njia ya moshi hadi kwenye silinda hedi, na injini ikiwa imezimwa daima kuna valvu ya moshi iliyosimama wazi katika silinda fulani. Maji huingia humo na kusubiri. Asubuhi ukigusa stata, pistoni hupanda na kukuta maji, nayo maji hayagandamiziki kama hewa. Kitakachokubali kupinda ni mkono wa pistoni. Hata pasipo kupinda kitu, maji ya chumvi yaliyolala ndani ya silinda usiku mmoja yanatosha kuanzisha kutu kwenye kuta zake na kwenye viti vya valvu.

Usijifariji na geji ya joto pia. Geji hiyo husoma joto la maji karibu na themostati (valvu inayofunguka maji yakipata joto). Raiza inaweza kuwa imeziba nusu kwa maganda ya kutu, moto wake ukaongezeka, na geji ikaendelea kuonyesha hali njema. Chukua kipimajoto cha mionzi, injini ikiwa imeshapata moto na inafanya kazi, upime raiza zote mbili mahali pale pale: juu, ubavuni, na mwanzoni mwa hozi. Mimi sitazami sana tarakimu yenyewe. Natazama tofauti ya upande na upande. Upande mmoja ukiwa moto zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi, maji hayapiti sawasawa huko. Na hozi iliyo baada ya mahali pa kuchanganyia inapaswa kuwa ya uvuguvugu tu, kiasi cha kuweza kuishika kwa kiganja. Ikiwa huwezi kuishika, zima injini utafute sababu.

Kuhusu umri: vipuri vya chuma cha kusubu vinavyopozwa kwa maji ya bahari kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 7, na wengi wetu tunachukulia mwaka wa 5 kuwa mwisho wa imani. Katika maji baridi ya ziwani, kipuri kile kile huweza kudumu mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo upo katika umri ambao kila mwaka lazima ufungue uone.

Ukifungua raiza, safisha uso wa kiungo kwa kikwaruzo hadi uone chuma chenyewe, kisha tazama ule ukingo ulio kati ya tundu la maji na tundu la moshi. Vishimo vidogo vilivyotawanyika vinavumilika. Vishimo vilivyoungana na kufanya mfereji unaovuka kutoka tundu moja hadi jingine havivumiliki hata kidogo. Tazama pia gasketi ya zamani, kwani huwa na alama: njia nyeusi au ya rangi ya kutu inayovuka mstari wa muhuri ni ushahidi kwamba maji yalikwisha kupita. Ndani ya chemba ya maji, pitisha bisibisi ndefu. Chuma kinachobanduka kwa matabaka kama karatasi kimekwisha.

Sasa, asidi. Asidi ya haidrokloriki huondoa magamba ya chokaa na huondoa kutu, lakini haina macho: ikimaliza kutu hula chuma kilicho chini yake, na haimrudishii mtu unene wa ukuta uliopotea. Mara nyingi kutu ndiyo iliyokuwa imeziba kitundu, kwa hiyo kipuri kinaingia kwenye asidi kikiwa hakivuji na kutoka kikivuja. Nakubali itumike kwa kipuri kichanga kilichozibwa na chokaa, si kwa kipuri cha miaka mitano. Ukitaka kupima, ziba matundu yote ya maji kwa vibati na mpira, ingiza hewa ya shinikizo la bar 1 hivi, kizamishe ndani ya maji na utafute mapovu. Ila elewa maana ya jibu: mapovu yanathibitisha kwamba kipuri kimekufa, lakini kukosekana kwa mapovu hakuthibitishi kwamba ukuta ni mnene. Kunakuambia tu kwamba leo hakuna tundu.

Dizeli_Taratibu alijibu:

Nakubaliana na mengi aliyoyasema FundiValvu, isipokuwa hili la kuhesabu miaka kana kwamba chuma kinasoma kalenda. Nimeshughulikia zaidi injini za dizeli, na kwa maoni yangu jinsi injini inavyoachwa baada ya safari ina uzito kuliko idadi ya misimu. Boti inayosuuzwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila inaporudi, injini ikiwaka hadi themostati ifunguke ili maji hayo yafike kila pembe, haiwezi kuwekwa kundi moja na ile inayozimwa na kuachwa na chumvi tumboni. Nasisitiza neno themostati. Wengi husuuza kwa dakika chache injini ikiwa baridi, maji yanapita njia ya mkato, na blok (mwili wa injini) inabaki na maji yale yale ya bahari.

Jambo la pili ambalo muulizaji anapaswa kulithibitisha kabla ya kuagiza chochote ni aina ya mfumo wake wa kupozea. Amesema injini inapozwa moja kwa moja na maji ya bahari, na kama ndivyo, basi manifoldi na raiza zote ziko hatarini. Lakini zipo injini zenye kibadilisha joto, ambamo kulanti (maji maalumu ya kupozea yasiyotoka baharini) huzunguka ndani ya blok, na katika baadhi yake huzunguka hata ndani ya manifoldi, huku maji ya bahari yakikutana na moshi kwenye raiza au kiwiko (bomba lililopinda la kuchanganyia maji na moshi) peke yake. Katika mfumo huo manifoldi huweza kudumu sana, na kuibadilisha kwa sababu tu raiza imeoza ni hasara. Mfumo huo pia huruhusu injini ifanye kazi kwa joto la juu zaidi. Injini zinazopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huwekewa themostati ya kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu joto likipanda zaidi chumvi na chokaa huanza kujitenga na maji na kuganda kwenye njia. Kwa hiyo asije mtu akakushauri uweke themostati ya moto zaidi ili kupunguza matumizi ya mafuta. Utajaza vipuri vipya kwa magamba.

Kuhusu stenlesi, naomba niseme wazi kwamba matumaini ya watu ni makubwa kuliko chuma chenyewe. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu uso wake hujifunika kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu, na utando huo unahitaji oksijeni ili kujirekebisha unapokwaruzwa. Ndani ya ekzosti kuna sehemu ambazo oksijeni haifiki, yaani chini ya masizi yaliyogandamana, chini ya gasketi, ndani ya nyufa za kuchomelea. Humo maji ya chumvi hutoboa vitundu vidogo kama vya sindano, huku sehemu nyingine yote iking'aa. Zaidi ya hayo, stenlesi za kawaida zikiwa chini ya mkazo katika maji ya chumvi yenye joto linalozidi nyuzi 60 hivi huweza kupasuka bila dalili ya awali. Stenlesi ya daraja la 316L ni bora kuliko ya 304, na kiwiko kilichotengenezwa vizuri, chenye kuta nene na uchomeleaji safi, ni kizuri. Kiwiko kilichochomelewa kwa mabati membamba ni kibaya kuliko chuma cha kusubu, kwa sababu chuma cha kusubu hukuonya kwa kuvimba na kumwaga kutu.

Kwa wasomaji wenye dizeli: tatizo lenu la kwanza kwenye kiwiko cha kuchanganyia kwa kawaida si kutoboka, ni kuziba. Pale maji yanapomwagikia moshi, masizi hukutana na chumvi na kujenga ganda gumu jeusi ambalo hupunguza tundu mwaka hadi mwaka. Injini inayoachwa ikizunguka polepole bila mzigo kwa saa nyingi, kwa mfano kuchaji betri, hujenga ganda hilo upesi zaidi. Dalili zake ni moshi mweusi, kushindwa kufikia mizunguko ya juu, na joto kupanda ukikaza mwendo. Watu hubadilisha pampu, husafisha tangi, husafisha propela, na kiwiko kinabaki pale pale kikiwa na tundu lisiloingia hata kidole. Kifungue ukitazame. Wala msishawishike kutumia shaba nyeusi kwenye ekzosti ya dizeli, kwa kuwa salfa iliyomo katika mafuta hugeuka tindikali ikikutana na maji, nayo hushambulia aloi za shaba.

Neno la mwisho juu ya zinki. Zinki za kinga (vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya chuma) zilizofungwa nje ya boti hazilindi ndani ya manifoldi. Ulinzi wake haufiki mbali hivyo ndani ya mabomba. Kama injini yako ina kibadilisha joto chenye zinki ya penseli, ibadilishe inapofikia nusu, lakini usidhani inailinda raiza.

Nanga_Kuu alijibu:

Nawashukuru sana. Nimethibitisha kwamba mfumo ni wa maji ya bahari moja kwa moja, hauna kibadilisha joto. Raiza zote mbili zimefunguliwa. Upande wa kushoto, gasketi ina njia ya kutu inayovuka kutoka tundu la maji hadi la moshi, na ukingo wa chuma umeliwa kiasi kwamba rula ya chuma ikilazwa juu yake mwanga unapita chini. Upande wa kulia una vishimo, lakini mfereji haupo. Plagi mbili za nyuma upande wa kushoto zina vumbi la kutu kwenye ncha. Bolti moja ya raiza imekatikia ndani ya manifoldi.

Swali langu sasa ni kama nibadilishe upande wa kushoto peke yake, au zote. Pia naomba maelekezo ya ufungaji, hasa kuhusu gasketi na dawa za kuzibia, maana kila mtu ana yake.

FundiValvu alijibu:

Hizo plagi ndizo habari kubwa kuliko raiza. Vumbi la kutu kwenye plagi maana yake unyevu umeshafika ndani ya silinda, kwa hiyo kabla ya kufunga kipuri chochote kipya, toa plagi zote na upime kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni) ya silinda zote nane, ukiandika kila kipimo. Silinda mbili za nyuma zikiwa chini sana ya nyingine, huenda valvu za moshi zimekwisha shika kutu na haziketi vizuri, na hapo kazi imehama kutoka kwenye ekzosti kwenda kwenye silinda hedi. Angalia oili pia; ikiwa na rangi ya maziwa, maji yamepita pistoni. Ubadilishe oili na filta, uiwashe injini kwa muda mfupi, uibadilishe tena, na urudie hadi itoke safi. Ukikuta maji ndani ya silinda siku yoyote, fanya kazi hiyo saa ile ile: toa plagi, zungusha injini iyateme, puliza oili ndani ya kila silinda, na usilale kabla ya kuiwasha au kuipaka oili ya kutosha.

Ama kuhusu pande, badilisha zote. Manifoldi ya kulia imekunywa maji yale yale, kwa muda ule ule, kutoka kwenye pampu ile ile, na vishimo ulivyoviona ni mwanzo wa mfereji. Ningekuwa na uwezo wa kununua sehemu tu, ningebadilisha raiza zote mbili na manifoldi ya kushoto, halafu ya kulia ningeipima kwa hewa na kuifungua tena msimu ujao; lakini hiyo ni ahirisho, nisingeiita akiba. Bolti iliyokatika isikusumbue ikiwa manifoldi hiyo inatupwa. Bolti za kuogopa ni zile zinazoingia kwenye silinda hedi. Ziloweshe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, ukirudia mara kadhaa, na zikigoma usizilazimishe kwa spana ndefu: zikaze kidogo, zilegeze kidogo, zipashe moto sehemu ya chuma inayozizunguka. Kumbuka tu kwamba unashughulika na injini ya petroli ndani ya boti, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti). Usiwashe moto wowote pale kabla ya kupuliza na kuhakikisha hewa ni safi.

Katika ufungaji, kila gasketi iwe mpya, hata ile inayoonekana nzima. Safisha nyuso za silinda hedi bila kuzichimba, halafu uzipime kwa rula na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa kuwa manifoldi mpya haiwezi kuziba juu ya uso uliopinda. Dawa ya kuzibia usiipake kwenye gasketi isipokuwa kama kitabu cha injini kinaagiza. Gasketi nyingi za kisasa zina mipako yake na hufungwa kavu, na dawa ya ziada huzifanya ziteleze au hujikusanya ndani ya njia ya maji. Bolti inayopenya hadi kwenye chemba ya maji ndiyo inayohitaji dawa ya kuzibia kwenye nyuzi zake, vinginevyo maji yatapanda kwenye nyuzi hizo.

Lipo kosa moja linaloua injini zilizofungwa vipuri vipya kabisa, nalo ni gasketi isiyo yake. Gasketi za raiza hutengenezwa kwa namna mbalimbali: nyingine zina matundu yote ya maji wazi, nyingine zina matundu machache, na nyingine hazina tundu la maji hata moja, kwa sababu zimekusudiwa injini zenye kulanti ndani ya manifoldi. Kwa umbo la nje zinafanana kabisa. Ukifunga isiyo na matundu kwenye mfumo wako, raiza haitapata maji, na hozi itaungua ndani ya muda mfupi. Linganisha gasketi mpya na ya zamani tundu kwa tundu kabla ya kuikalisha, na uulize maswali ikiwa hazilingani. Kama unaweza kupata vipuri vinavyoingia kwenye injini yako vyenye kiungo ambacho njia ya maji imetengwa na njia ya moshi, kila moja ikiwa na muhuri wake, chukua hivyo. Muhuri ukichoka, maji humwagikia nje mahali unapoyaona badala ya kuingia kwenye silinda.

Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu, hatua kwa hatua, ukianzia katikati na kuelekea nje. Iwashe injini hadi ipate moto, izime, iache ipoe, kisha kagua tena bolti kama kitabu kinavyoelekeza. Pima raiza zote kwa kipimajoto siku hiyo ya kwanza na uandike matokeo. Hayo ndiyo utakayolinganisha nayo miaka ijayo.

Sukani alijibu:

Naongeza mambo ambayo bado hayajaguswa, kwa sababu si kila maji yanayoingia kwenye silinda yanatoka kwenye tundu. Pima urefu kutoka mstari wa maji hadi juu ya raiza, boti ikiwa imesimama na mzigo wake wote, tangi zikiwa zimejaa. Watengenezaji wengi wanataka angalau sentimita 30 hivi, na wengine zaidi. Boti iliyoongezewa betri, jenereta au tangi nyuma huzama kidogo tezini, na wimbi linalopanda kutoka nyuma huweza kurudi ndani kupitia ekzosti. Ikiwa kimo ni kidogo, ongeza vipande vya kuinulia kati ya manifoldi na raiza wakati huu ambao kila kitu kimefunguliwa. Kagua pia zile kofia za mpira zilizomo ndani ya njia ya ekzosti ambazo kazi yake ni kuzuia maji kurudi. Joto likiwahi kupanda huyeyuka, na vipande vyake huziba njia.

Badilisha hozi pamoja na raiza kama ndani kumevimba au tabaka limebanduka, na kila mwisho wa hozi uwe na klipu mbili za stenlesi. Fungua pampu ya maji ya bahari utazame impela (gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji). Kama imepoteza mapanga, usitosheke na kuweka mpya, yatafute mapanga yaliyopotea hadi uyapate, kwa kuwa yako mahali fulani katika njia ya maji na yatazuia mtiririko kwenda kwenye vipuri ulivyonunua.

Na baada ya ufungaji, sikiliza na utazame kila kiungo injini ikiwaka. Moshi unaovuja ndani ya chumba cha injini ya petroli una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua. Kengele ya kugundua gesi hiyo ifungwe mahali watu wanapokaa au kulala.

Nanga_Kuu alijibu:

Nimeelewa, na seti ya pande zote mbili itaagizwa. Nina swali moja lililobaki kabla ya kupima kompresheni. Nikizungusha injini kwa stata muda mrefu bila kuiwasha, pampu ya maji nayo inazunguka. Je, hakuna hatari ya kujaza ekzosti maji?

Sukani alijibu:

Hatari ipo, na ni kubwa zaidi kwenye boti zenye mafla ya maji (chombo cha kupunguzia kelele ambamo maji na moshi hupita), kwa sababu hakuna shinikizo la moshi la kuyasukuma nje. Maji hujaa kwenye mafla, hupanda hadi kwenye kiwiko na kuingia kwenye silinda. Kwako, raiza zikiwa tayari zimefunguliwa, maji yatamwagikia moja kwa moja kwenye manifoldi. Funga valvu ya kuingizia maji ya bahari, chomoa hozi ya maji kwenye themostati ili hata kiasi kilichobaki kisifike kwenye manifoldi, kisha zungusha kwa vipindi vifupi kwa kila silinda ili impela isisagike ikiwa kavu. Kata mfumo wa kuwasha plagi na pampu ya petroli kabla ya kuanza. Ning'iniza ufunguo wa boti kwenye mpini wa ile valvu uliyoifunga, ili asipatikane mtu wa kuiwasha injini bila kuifungua kwanza.